Mama Kulwa Hakuwa Mmoja

Nkwimba, anayekalia meza yangu pale Geita sasa, ameniomba niandike hata kurasa chache kuhusu miaka yangu ya kuuza pampu za maji, ili wanaokuja wasirudie makosa yangu. Nimekubali kwa sharti moja: vyeo na mishahara siandiki. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara kila mtu anaijua ilivyo. Nitaandika kazi yenyewe, na zaidi nitaandika jinsi ofisi yetu ilivyobaki kidogo ifungwe, kwa sababu haikufungwa. Tulishinda, na mimi nimestaafu nikiwa na haki ya kujisifu kidogo.

Nilianza Shinyanga. Siku ya kwanza nilikwenda kazini na kalamu mbili mpya na viatu vya kisigino. Mzee Lutonja, aliyekuwa mkuu wa mauzo, alinitazama kuanzia juu hadi chini, akanipa spana. "Fungua hiyo pampu," alisema, "halafu uifunge. Ikivuta maji, kesho njoo. Isipovuta, njoo hivyo hivyo lakini uvae ndala." Niliifungua asubuhi, nikaifunga jioni, na ilivuta maji upande usiotakiwa. Kesho yake nilivaa ndala.

Alinifundisha kuuza huko barabara ya Mwadui, kwa watu wanaochekecha changarawe nje ya mgodi wakitafuta almasi. Yeye hakuwa na maneno mengi. Alikuwa anaketi na mteja, wanaongea habari za mvua na ng'ombe mpaka mteja mwenyewe anasema, "Sasa hii pampu yako..." Kabla ya hapo ilikuwa marufuku kuitaja. Mimi niliitaja mapema mara moja, na njia nzima ya kurudi mzee hakunisemesha.

Silaha yake kubwa ilikuwa daftari la kaunta lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Kila kijiji kilikuwa na ukurasa wake. Kila Ijumaa alilipitia akitafuta watu wa namna fulani: mwenye shamba la mpunga ambaye hajatembelewa tangu mavuno, mwenye kisima aliyekuwa akilalamikia pampu yake ya zamani. Majina aliyoyapata aliyaandika kwenye karatasi, na karatasi hiyo ndiyo ilikuwa wiki yetu. Alinipa na kanuni ya adabu ambayo niliishika kama amri ya kanisani. Mwanamke mwenye watoto humwulizi jina lake. Unauliza la mwanawe wa kwanza, unamwandika Mama fulani, basi. Mimi mwenyewe tangu nijifungue naitwa Mama Limi, na wapo majirani wa miaka ishirini wasiojua kwamba nilibatizwa Perpetua.

Nilipohamishiwa Geita nilikuta dunia nyingine. Shinyanga watu walinunua baada ya mavuno. Geita walinunua siku waliyopata, na kesho yake walikuwa wamehamia kwingine kulikosemekana kumetoka dhahabu. Kazi yangu ngumu ya kwanza huko ilikuwa bwana mmoja mwenye leseni ya uchimbaji. Nilimfuatilia miezi mitano. Kila nikipiga simu ananiambia, "Njoo tuongee." Nilipompata hatimaye, kumbe anaishi Mwanza, na hajawahi kuona maji yaliyomo kwenye duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia. Hakuwa na haja na pampu hata kidogo. Alipenda tu kupigiwa simu.

Kuanzia hapo niliacha kutafuta wenye karatasi, nikatafuta wanaoshika maji. Na wanaoshika maji, ukiacha walio chini ya maduara, ni wanawake wa mialoni. Mwalo ni pale mchanga wa dhahabu unapooshwa, na bila maji ni rundo la uchafu tu. Mwanamke mwenye mwalo anajua bei ya kila ndoo inayobebwa kichwani. Huyo ukimwonyesha pampu hulazimiki kumsimulia habari za mvua na ng'ombe. Anakuuliza mpira wake una urefu gani na vipuri vinapatikana wapi. Niliwaandikisha wanawake hao mmoja mmoja, Rwamgasa, Kharumwa hadi vijiji vya Bukombe, na kwa adabu niliyofundishwa niliwaandika wote kwa majina ya watoto wao.

Halafu ukaja mfumo wa kompyuta. Tuliitwa Mwanza kwenye mafunzo ya siku mbili yaliyokuwa na sambusa nzuri. Wateja wote wa nchi nzima, waliopo na tunaowatarajia, waliingizwa humo. Unachagua vigezo: wilaya, kazi ya mtu, chanzo chake cha maji, siku aliyozungumzishwa mara ya mwisho. Mfumo unakuletea orodha. Ukiipenda unauhifadhi utafutaji wako kwa jina, na kila Jumatatu asubuhi unakuletea arifa ya watu wapya walioingia. Wenzangu walikuna vichwa. Mimi nilicheka, kwa sababu niliiona Ijumaa ya Mzee Lutonja imewekwa kwenye kioo.

Kwenye mfumo jina lake ni utafutaji uliohifadhiwa. Sisi Geita tuliuita mtego, kwa kuwa unautega Ijumaa na Jumatatu unakwenda kuona kilichonasa. Wateja hatukuwaambia.

Mtego una adabu zake, na hapa vijana someni polepole. Kwanza ni jina. Mwezi wa kwanza tulikuwa na mitego iliyoitwa "Jaribio", "Jaribio 2", "Mpya", "Mpya Kabisa" na mmoja wa fundi wetu Charles ulioitwa "Hii Hapa". Niliifuta yote, nikaweka sheria: jina la mahali, kazi ya watu, mwezi uliotegwa. Pili, mtego usiotumika ufutwe, la sivyo Jumatatu unapata arifa arobaini na husomi hata moja. Tatu, mtego wa kushirikiana ni kama sufuria ya shughuli. Ukitaka kubadilisha kitu kwa ajili yako, bonyeza "hifadhi kama mpya". Ukibonyeza "hifadhi" peke yake umebadilisha cha wote, na hakuna atakayekuja kugonga kengele kuwaambia wenzako. Sheria hiyo ya tatu niliiandika baada ya kuumia.

Kuumia kwenyewe kulikuja taratibu. Mtego wetu mkubwa ulikuwa "Mialo na Mpunga, Geita na Nyang'hwale", tulioutumia sote wanne wa ofisi pamoja na makao makuu Dar. Ulikuwa unatulisha. Ukaanza kupungua wiki moja, tukasema watu wamehama. Wiki ya pili tukasema msimu. Baada ya muda orodha yote ilikaa kwenye ukurasa mmoja, na tulikuwa tunawapigia watu wale wale mpaka wengine wakawa wanatujua kwa sauti.

Bwana Mushi, meneja wa mauzo wa Dar, alikuwa akitazama orodha hiyo hiyo. Siku moja alipiga simu, sauti ya upole, na upole wa bosi ni jambo la kuogopa. Alisema soko la kanda yetu limekauka, ofisi ya Geita itafungwa, na mwisho wa mwezi unaofuata atakuja mwenyewe na karatasi. Mwanza ingewahudumia wateja wetu kwa simu.

Mimi nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Ningekwenda nyumbani mapema, nikafuga kuku, hadithi ikaisha. Lakini Nkwimba alikuwa na miaka ishirini na sita, ametoka kumleta mama yake mgonjwa kutoka Ushirombo ili awe karibu na hospitali. Charles alikuwa na watoto shuleni. Dereva wetu naye ndiyo kwanza ameoa. Unga wa watu watatu ulikuwa karibu kumwagika, na orodha iliyokuwa inaumwaga niliitega mimi. Nilikasirika mpaka nikakosa usingizi. Sikuamini kwamba wanawake niliowaandikisha kwa miaka yote hiyo walikuwa wameacha kuosha mchanga.

Kwa hiyo nilimchukua Nkwimba tukaenda Rwamgasa kuona kwa macho. Tulifika asubuhi. Kwenye mwalo wa kwanza walikuwepo wanawake wawili, mmoja mnene anacheka, mwingine mwembamba amenuna, na mabinti kama sita wakibeba maji kwa ndoo.

"Mwangaluka!" niliwasalimu.

"Mwangaluka, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mhola?"

"Mhola duhu," alisema yule mnene. Nkwimba alipotaja kampuni yetu, alipiga makofi. "Gashi, kumbe ni ninyi! Mimi si ndiye Mama Kulwa mnayempigia? Mwacheni mume wangu jamani, anasema nina mchumba kwenye pampu. Jumatatu simu, Jumanne simu. Pampu ninayo, iko kule kwenye mwalo wangu, nimewaambia. Mnataka niweke na ya kunywea chai?"

Tukacheka wote, isipokuwa yule mwembamba. Aliweka ndoo chini.

"Na mimi ni Mama Kulwa," alisema. "Mama wewe mwenyewe uliniandika, ulikaa pale kwenye lile jiwe. Ukasema mtanipigia. Huyu mnampigia mpaka anazima simu, mimi hata kunibipu tu hamjawahi. Nimekosa nini? Mabinti hawa nawalipa kubeba maji kila siku ya Mungu."

Nilimtazama. Nilimkumbuka vizuri, na jiwe nililikumbuka.

"Hapa Rwamgasa," nilimuuliza, "kina Mama Kulwa mko wangapi?"

Walitazamana, wakaanza kuhesabu kwa vidole. Yule mnene alifika kwenye mkono wa pili akakata tamaa. "Mama, hii ni Usukumani. Mapacha hapa wanazaliwa kama maharage. Wa kwanza Kulwa, wa pili Doto. Ukiita Mama Kulwa sokoni utajibiwa na nusu ya soko."

Nkwimba akanishika mkono, akaminya. Alikuwa ameelewa kabla yangu.

Hatukungoja kurudi Geita. Tulifungua kompyuta palepale kwenye jiwe, mtandao ukisuasua, tukaufungua mtego wetu mkubwa na kuvipitia vigezo vyake kimoja kimoja. Chini kabisa, mahali ambapo hakuna aliyekuwa na sababu ya kushuka, palikuwa na kisanduku kimewekwa tiki: "Ficha majina yanayojirudia." Jina moja ndani ya wilaya moja lilihesabiwa mtu mmoja. Mfumo ulimchukua Mama Kulwa mmoja wa wilaya nzima ya Geita, ukawaficha wengine wote. Mama Doto vivyo hivyo. Mama Shija vivyo hivyo, maana anayezaliwa baada ya mapacha naye ana jina lake, na akina mama zao hawana idadi.

Nkwimba alitoa tiki. Orodha ya ukurasa mmoja ikawa kurasa kumi na moja. Nilipiga vigelegele, mtu mzima mimi, na mabinti wa ndoo wakaitikia bila kujua tunashangilia nini.

Nilimpigia kijana wa makao makuu anayetunza mfumo. Alikiri mara moja, mtoto wa watu. "Mama, nilikuwa nasafisha tu. Niliona jina moja limeandikwa mara nyingi, nikajua wakala ameingiza mtu yule yule tena na tena. Nikabonyeza hifadhi." Nilimpa maneno mawili makali, la tatu nikalimeza, kwa sababu lilinihusu mimi. Tiki ilikuwa yake, lakini majina yalikuwa yangu. Kwenye daftari la Mzee Lutonja kila Mama Kulwa alikaa kwenye ukurasa wa kijiji chake na maelezo yake pembeni, na mzee alimjua kwa sura. Mimi nilichukua adabu ya daftari nikaimimina kwenye mashine ambayo haijawahi kukaa na mtu yeyote juu ya jiwe. Kosa hilo mtu wa Dar asingeweza kulifanya. Lilihitaji Msukuma mwenye heshima.

Kutoa tiki hakukutosha. Kurasa kumi na moja za Mama Kulwa na Mama Doto huwezi kuzigawa kwa watu. Ungempigia mmoja mara nne na mwingine usimpigie hata mara moja, tungekuwa tumerudi palepale. Ilibidi kila mmoja apate jina lake mwenyewe, na tulikuwa na wiki tano. Yaani ilinibidi nivunje kanuni ya kwanza niliyofundishwa kazini. Niliona aibu kweli. Kuuliza si ujinga, nilijiambia, lakini mdomo ulikuwa mzito.

Nilianza na yule mwembamba. Nilitafuta namna, nikaona njia moja tu ya adabu, nayo ni kutangulia mimi.

"Mimi watu wananiita Mama Limi," nilimwambia. "Lakini nilibatizwa Perpetua. Perpetua Ng'wasi. Wewe je, mwenzangu?"

Alijifuta mikono. Halafu akauliza, "Jina langu? Lile la kwenye kitambulisho?"

"Lile lako."

"Naitwa Kabula." Alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaziba mdomo kwa kanga. "Kabula Magreth. Wee! Mara ya mwisho kuitwa hivyo nilikuwa darasa la saba."

Yule mnene akaruka, "Na mimi niandike! Mimi ni Veronika!" Miaka mitatu wanaosha mchanga pamoja, na hawakuwahi kujuana majina. Walianza kuitana, Kabula, Veronika, wanasukumana kama wasichana. Nilisikia machozi yananilenga, na sioni aibu kuyaandika. Niliwahi kudhani ninawaheshimu. Niliwaheshimu, ndiyo, lakini nilikuwa nimewapoteza humo humo kwenye heshima.

Wiki zile tano sijawahi kufanya kazi namna ile, hata nilipokuwa kijana. Tuligawana. Charles na dereva walikwenda Nyang'hwale, Kharumwa na mashamba ya mpunga. Mimi na Nkwimba tukabaki Rwamgasa na kando zake. Charles alirudi siku ya kwanza akilalamika kwamba mwanaume akiuliza wanawake majina yao anaulizwa na yeye maswali. Nikampa mbinu yangu. Kesho yake alijitambulisha kwa majina yake yote matatu, pamoja na lile la babu, na hakupata taabu tena. Kila jioni tuliingiza majina, tukaacha na lile la mtoto pembeni kwa ajili ya salamu, maana ukimpigia mtu bado unaanza na "Habari za asubuhi, Mama Kulwa". Kisha tukatega mitego mipya, midogo, kila kata na wake, kila mmoja na mwenyewe.

Jumatatu ya kwanza arifa zilipoingia, Nkwimba alizisoma kwa sauti kama anasoma matokeo ya mtihani. Majina ya kweli, mmoja mmoja. Tulianza kupiga. Mvua zilikuwa zimechelewa mwaka ule, mabwawa yako mbali, ndoo zinakula faida ya watu. Hatukuhitaji maneno mengi. Tulipeleka pampu moja ya kuonyesha kwenye mwalo wa Kabula, Charles akatandaza mpira kutoka bwawani, akavuta kamba. Maji yalipotoka kwa nguvu kwenye mwalo, mabinti wa ndoo walikimbia wakaingia chini yake na nguo zao. Kabula alisimama ameshika kiuno. "Hawa siwaachishi," aliniambia. "Nitawafundisha kuosha. Ndoo ndiyo ninaiachisha." Alinunua siku ile ile, na kufikia jioni wenye mialo saba jirani walikuwa wamejiandikisha.

Bwana Mushi alikuja siku aliyosema, na bahasha ya kahawia kwapani. Sikuwa nimemwambia chochote. Nilitaka aone. Hakuweza kuegesha gari, kwa sababu uwanja wetu ulikuwa umejaa pikipiki za matela zilizokuja kuchukua pampu, na wanawake wamekaa hadi kwenye ngazi. Alipita katikati yao akisema samahani, samahani, hadi mezani kwangu.

"Mama Limi, kuna sherehe gani?"

"Hakuna sherehe, bosi. Hawa ni soko lililokauka."

Nilimgeuzia kompyuta. Nilimwonyesha mtego wa zamani na tiki yake, nikamwonyesha mipya. Alisoma, akishuka ukurasa hadi ukurasa. Alikuwa mtu wa hesabu lakini hakuwa mtu mbaya, na nilimwona anavyobadilika rangi. "Kwa hiyo walikuwepo wakati wote huu," alisema.

"Walikuwepo."

"Na mimi nilikuwa naifunga ofisi kwa sababu ya tiki."

"Tiki yenu na adabu yetu," nilisema. "Tugawane."

Nkwimba alikuwa amesimama mlangoni, kadi za dhamana mkononi. Bwana Mushi alimtazama yeye, siyo mimi. "Stoo imebaki na pampu ngapi?"

"Mbili, bosi. Na waliopo nje wanaozitaka ni kumi na tatu."

"Basi ninahitaji simu ya ghala la Dar," alisema, "na mtu anipishe kiti." Bahasha aliiweka sakafuni chini ya kiti ili apate pa kuandikia.

Nkwimba alitoka nje mbio. Nilimsikia analia na kucheka kwa pamoja, halafu nikasikia Kabula anamuuliza kama kuna msiba. Nami nikatoka, maana nilikuwa nimesikia kitu kingine, nyundo ikigonga juu ya mlango. Nilimkuta fundi niliyekuwa simjui amepanda ngazi ya mbao upande wa barabarani, anang'oa kibao cha ofisi. Makao makuu walikuwa wamempangia siku hiyo hiyo, na hakuna aliyekumbuka kumzuia. Misumari miwili ilikuwa imeshatoka, kibao kinaning'inia upande.

"Baba, shuka," nilimwambia.

"Siwezi, mama. Nimetumwa nikitoe."

Kina Mama Kulwa wote wa wilaya ya Geita walikuwa wamegeuka wanamtazama. Aliwatazama na yeye, nyundo hewani.

"Basi usishuke," nilisema. "Kigongelee tena. Na safari hii tumia misumari mirefu."